A380: ndege iliyokwamishwa na nyaya zilizopungua sentimita chache

Mwaka 2006, ndani ya jengo la kuunganishia ndege huko Toulouse, kusini mwa Ufaransa, mafundi walikuwa wakipitisha vitita vya nyaya kwenye kuta za ndege kubwa kuliko zote za abiria duniani, na wakifika mwisho wanakuta kitita hakifiki kwenye kiungio chake. Kilichopungua ni sentimita chache tu. Lakini waya uliopungua sentimita tano haufanyi kazi, sawasawa na uliopungua mita tano. Fundi analazimika kukichomoa kitita, kukirekebisha au kusubiri kingine, kisha aanze kukipitisha upya, na ndege zinazofuata nyuma yake zina tatizo lile lile.

Ndege hiyo ni Airbus A380. Kabla ya mwaka huo kuisha, wakuu watatu walikuwa wameacha viti vyao, na kampuni mama, EADS, ilikuwa imetangaza kwamba faida yake ya miaka 2006 hadi 2010 ingepungua kwa euro bilioni 4.8.

Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kwa sentensi moja: kiwanda cha Hamburg, Ujerumani, kilitumia toleo la zamani la programu ya usanifu, Toulouse toleo jipya, michoro haikupatana. Ni kweli. Ila sentensi hiyo haielezi ilikuwaje kampuni yenye wahandisi mabingwa na bajeti ya mabilioni ikaliachia jambo ambalo hata mhandisi aliyeajiriwa juzi angelitilia shaka, mpaka ndege zikawa zimeshafika karakana ya mwisho. Anayesimamia timu zilizotawanyika atapata faida zaidi akiuliza swali hilo kuliko akiishia kwenye programu.

Tuanze na nyumba yenyewe. Airbus ilianzishwa mwaka 1970 kama muungano wa kibiashara, haikuwa kampuni kamili. Wafaransa na Wajerumani ndio walioanza, CASA ya Hispania ikaingia 1971, British Aerospace ikajiunga 1979. Kila mbia alibaki na viwanda vyake, waajiriwa wake, hesabu zake na taratibu zake za uhandisi. Muungano ulikuwa mlango wa kuuzia ndege na meza ya kugawana kazi. Mgawanyo ulifuata mataifa: mabawa Uingereza, sehemu kubwa za kiwiliwili Ujerumani, sehemu ya rubani na uunganishaji Ufaransa, sehemu za mkia Hispania. Kwa miaka thelathini utaratibu huo ulifanya kazi vizuri sana, na ndio uliozaa A300, A320 na A340. Nasisitiza hilo kwa sababu wachambuzi wengi huanza kwa kuuponda mfumo wa zamani, wakati mfumo huo ndio uliomfikisha Airbus mahali pa kumkabili Boeing uso kwa uso.

Julai 2000 kampuni za Ufaransa, Ujerumani na Hispania ziliungana kuwa EADS. Tarehe 19 Desemba 2000 mradi wa A380 ukazinduliwa rasmi. Airbus yenyewe ikawa kampuni moja mwaka 2001, EADS ikishika asilimia 80 na BAE Systems ya Uingereza asilimia 20.

Tazama mfuatano wa tarehe hizo. Mradi ulitangulia, kampuni ikafuata. Siku mradi mkubwa kuliko wote unazinduliwa, watu waliotakiwa kuufanya walikuwa bado waajiriwa wa nyumba tofauti, kila nyumba na mazoea yake. Mwaka uliofuata nembo kwenye vitambulisho ilibadilika. Mazoea hayabadiliki kwa nembo, na mradi ulishaanza kukimbia, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kusimama na kuuliza: sasa kwa kuwa sisi ni kampuni moja, tunachora kwa kalamu gani?

Namna walivyopanga kusafirisha vipande vya ndege inafundisha, japo kwa njia ambayo wao hawakuikusudia. Mabawa yalitengenezwa Broughton, Wales. Makubwa mno kwa barabara za pale, yakapakiwa kwenye jahazi bapa na kuteremshwa kwa mto Dee hadi bandari ya Mostyn. Meli iliyojengwa maalumu kwa kazi hiyo ikakusanya vipande kutoka Hamburg, Mostyn, Saint-Nazaire na Puerto Real karibu na Cádiz. Kutoka mdomo wa mto Garonne, Ufaransa, vikapandishwa mtoni kwa jahazi hadi Langon, kisha msafara wa malori ukavipeleka Toulouse kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 200, ukipita usiku katikati ya vijiji ambavyo barabara zake zilirekebishwa kwa ajili hiyo.

Msafara huo ulifanya kazi. Waliokaa kuupanga walipima kila kona na kila daraja, wakajua kipande gani kinafika lini na nani anakipokea. Michoro haikuandaliwa barabara ya namna hiyo. Mchoro ulitumwa kama faili, na kwa kuwa faili hufika kwa sekunde chache, ilichukuliwa kwamba imefika salama.

Sasa nyaya. A380 moja ina nyaya za urefu wa kilomita 530 hivi, nyaya 100,000 kwa hesabu ya karibu, na viungio 40,300. Nyingi ziko kwenye sehemu ya abiria: taa, hewa, vyoo, majiko, simu, skrini kwenye kila kiti. Kila shirika la ndege lilitaka sehemu ya abiria ya kwake. Mteja mmoja anataka baa, mwingine vyumba vidogo vya daraja la kwanza, na kila tamaa ya mteja inaishia kuwa badiliko la nyaya. Nyaya pia huja mwisho katika usanifu. Mhandisi wa muundo akisogeza kiunzi kidogo, mhandisi wa hewa akahamisha bomba, anayelipa ni msanifu wa nyaya, kwa maana njia yake imezibwa na inabidi azunguke. Kazi hii inapokea mabadiliko ya kila mtu, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kuumia kama watu hawaoni mchoro mmoja.

Kisha kuna alumini. Ili kupunguza uzito, sehemu ya nyaya za A380 zilitengenezwa kwa alumini badala ya shaba. Waya wa alumini haukubali kona kali kama wa shaba. Unahitaji kona pana, na kona pana ina maana ya waya mrefu zaidi. Msanifu akichora kwa kanuni za shaba, kwenye skrini kila kitu kinapendeza, na kitita kinatoka kiwandani kikiwa kifupi.

Programu iliyotumika ni CATIA ya kampuni ya Ufaransa ya Dassault Systèmes. Ujerumani na Hispania walikuwa kwenye toleo la nne. Ufaransa na Uingereza walikuwa wamehamia la tano. Anayezoea programu za ofisini anaweza kudhani tofauti ya matoleo ni menyu kubadilika rangi. Toleo la tano liliandikwa upya kutoka chini, kwa hiyo kuhamisha kazi kutoka la nne kulihitaji kuibadilisha, na kila badiliko lilipoteza kitu. Umbo linafika, lakini kanuni zilizolizaa umbo hilo, historia yake, mambo kama kona hii isipungue kiasi fulani, haya hayakuwa na hakika ya kufika.

Faili ilifunguka. Kwa maoni yangu hapo ndipo palipokuwa na hatari yote. Ingekataa kufunguka, mtu angepiga simu siku hiyo hiyo na ugomvi ungetokea mapema, wakati ugomvi ni wa bei nafuu. Ilifunguka, ikaonyesha kitu kinachofanana na ndege, na kila upande ukaendelea na kazi. Modeli ya kidijitali ya Toulouse, ambayo ilipaswa kuwa ndege kamili ndani ya kompyuta, ikabaki nyuma ya mabadiliko yaliyokuwa yakifanyika Hamburg.

Ni rahisi kuwaona watu wa Hamburg kuwa wakaidi. Mimi sioni hivyo. Walikuwa na programu wanayoifahamu na ratiba inayowabana. Kuhama toleo katikati ya usanifu kunataka kufundisha mamia ya watu upya, kuhamisha kazi iliyokwisha, na kukubali kuchelewa kwa makusudi kwenye mradi ambao kila mtu anaambiwa usichelewe. Meneja yeyote anayepimwa kwa ratiba ya idara yake angefanya walichofanya wao. Toulouse nao walikuwa na sababu nzuri za kwenda mbele. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka juu ya pande zote mbili, aliye tayari kuchukua lawama ya kuchelewa miezi kadhaa mwaka 2002 ili asichelewe miaka miwili baadaye.

Kwa nini hakuwepo? Hapa siasa inaingia. EADS ilijengwa kwa mizani ya mataifa: wenyeviti wawili, wakurugenzi watendaji wawili, Mfaransa mmoja na Mjerumani mmoja katika kila jozi. Serikali zilifuatilia nani anapata kazi gani na ajira ngapi. Wahenga walishasema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Shida ilishuka hadi kwa wasaidizi wao. Katika mizani kama hiyo, kumwambia mwenzako wa nchi nyingine kwamba zana zake zimepitwa na wakati kunasikika kama madai ya kumnyang'anya kazi, na swali la kiufundi linageuka la kidiplomasia. Utofauti wa watu ulisimamiwa kwa kuwagawia vipande, kila mmoja na chake, na heshima ikawa ni kutoingia kwenye karakana ya mwenzio.

Ushauri mwingi kuhusu timu za mbali huzungumzia tofauti za saa, lugha, namna ya kusalimiana, nani ananyamaza kikaoni na nani anapenda kubisha. Sisemi hayo hayana maana. Lakini Hamburg na Toulouse ziko kwenye saa moja. Safari ya ndege kati yao ni ya saa mbili hivi. Lugha ya kazi ya Airbus ni Kiingereza, na watu hawa walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa miaka thelathini. Waingereza ndio waliokuwa saa moja nyuma, ng'ambo ya bahari, na wao walikuwa kwenye toleo moja na Toulouse. Ukipanga orodha ya kawaida ya hatari za timu zilizotawanyika, jozi ya Hamburg na Toulouse ingeonekana salama kuliko zote.

Tena habari njema ziliifunika mbaya. Tarehe 18 Januari 2005 ndege ilionyeshwa Toulouse mbele ya viongozi wa Ufaransa, Ujerumani, Uingereza na Hispania: Chirac, Schröder, Blair na Zapatero. Tarehe 27 Aprili iliruka kwa mara ya kwanza, na iliruka vizuri. Ndege za majaribio hazina sehemu kamili ya abiria iliyopambwa kwa matakwa ya mteja, kwa hiyo mafanikio ya angani hayakugusa pale palipokuwa pameoza. Mwezi mmoja na siku chache baadaye, mwanzoni mwa Juni 2005, Airbus ikatangaza kuchelewa kwa miezi sita. Tarehe 13 Juni 2006 ikatangaza miezi mingine sita au saba, na kesho yake hisa za EADS zikaanguka kwa asilimia 26 kwa siku moja. Tarehe 3 Oktoba 2006 likaja tangazo la tatu, mwaka mmoja zaidi: ndege moja tu ingekabidhiwa mwaka 2007.

Matangazo matatu, kila moja likitolewa kama la mwisho. Mtu aliyewahi kusimamia mradi anaijua hali hii. Kila kituo kinatoa makadirio ya kipande chake, makadirio yanajumlishwa makao makuu, na hakuna anayekadiria kile kinachotokea vipande vinapokutana. Hamburg ingeweza kusema kwa ukweli mtupu kwamba vitita vyake vimekamilika. Vilikamilika kwa mchoro wa Hamburg.

Tarehe 2 Julai 2006 Noël Forgeard wa EADS na Gustav Humbert wa Airbus walijiuzulu. Charles Champion, aliyeongoza mradi, aliondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na Mario Heinen. Mkuu mpya wa Airbus, Christian Streiff, alikuja kutoka nje ya sekta, akakagua, akaandaa mpango wa kubana matumizi na kuunganisha zana, akataka mamlaka ya kuutekeleza. Hakukubaliana na EADS kuhusu mamlaka hayo, akaondoka Oktoba 9, baada ya miezi mitatu hivi. Kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko wa programu. Hata baada ya hisa kuanguka na wakuu wawili kuondoka, bado kumpa mtu mmoja uwezo wa kuamuru pande zote lilikuwa jambo gumu. Louis Gallois, aliyekuwa mmoja wa wakurugenzi watendaji wawili wa EADS, akachukua kiti.

Tiba yenyewe haikuwa ya kisasa hata kidogo. Zaidi ya Wajerumani elfu moja walihamishiwa Toulouse, wakaishi hotelini, wakaingia kwenye ndege zilizoletwa pamoja na vitita vyao. Ndege 25 za kwanza ziliwekwa nyaya kwa mikono, moja baada ya nyingine, kila moja na marekebisho yake. Zilizofuata ndizo zilizochorwa kwa zana moja kwa pande zote. Julai 2007, katika mkutano wa Rais Sarkozy wa Ufaransa na Kansela Merkel wa Ujerumani hapo hapo Toulouse, mfumo wa vichwa viwili wa EADS ukafutwa: Gallois akabaki peke yake juu, Thomas Enders akaenda kuongoza Airbus.

Kuna wanaosoma sehemu hii na kuhitimisha kwamba watu wakae jengo moja, mambo ya mbali hayafai. Nadhani wanakosea. Kuwaleta watu zaidi ya elfu kulihitajika kwa kuwa kosa lilishaingia ndani ya alumini na shaba. Miaka minne kabla, wasanifu wachache wa kila upande, wakiwa na kitita kimoja cha mfano na ruhusa ya kukitoa kwenye skrini ya Hamburg hadi kwenye ukuta wa kipande halisi Toulouse, wangeliona tatizo ndani ya wiki chache. Wangerudi kwao na kuendelea kufanya kazi kwa mbali bila shida.

Jaribio la namna hiyo ndilo ninalolikosa katika miradi mingi ya kwetu. Tuseme mfumo wa malipo unajengwa na timu ya Nairobi, waunganishaji wako Dar es Salaam, watumiaji wa kwanza wako Kigali. Vikao vya video viko kila Jumatatu, kumbukumbu zinaandikwa, kila timu inaripoti asilimia zake. Muulize mkuu wa mradi ni lini kitu kimoja halisi, hata kidogo, muamala wa shilingi mia, kilitoka mwanzo hadi mwisho kwa kupita mikono ya timu zote tatu. Mara nyingi jibu ni kwamba hilo liko kwenye awamu ya mwisho, inayoitwa uunganishaji. A380 nayo ilikuwa na awamu ya uunganishaji. Swali la pili ni gumu zaidi kuuliza mbele ya wakubwa: timu mbili zikitofautiana kuhusu zana au kiwango, nani ana haki ya kuamua, na je, aliwahi kuitumia haki hiyo? Jina kwenye chati ya uongozi halitoshi. Airbus ilikuwa na chati.

Singapore Airlines ilipokea ndege ya kwanza tarehe 15 Oktoba 2007, na siku kumi baadaye ikabeba abiria kutoka Singapore hadi Sydney. Abiria waliipenda, kwa ukimya wake na nafasi yake, na wanaosafiri kupitia Dubai wanaifahamu vizuri kwa kuwa Emirates ndiyo iliyonunua nyingi kuliko wote. Biashara ilikwenda vingine. FedEx ilifuta oda yake ya ndege 10 za mizigo Novemba 2006 na kwenda Boeing, UPS ikafuata mwaka 2007, na toleo la mizigo halikujengwa. Uzalishaji ulikoma baada ya ndege 251, ya mwisho ikikabidhiwa Desemba 2021. Siwezi kuzitupia nyaya lawama ya mwisho huo. Soko liligeukia ndege ndogo zenye injini mbili, na lingegeuka hata kama kila waya ungefika mahali pake.

Kwa A350, ndege yake iliyofuata, iliyozinduliwa Desemba 2006 wakati jeraha bado bichi, Airbus iliweka sharti moja tangu siku ya kwanza: vituo vyake vyote na wabia wakubwa wa nje wafanye kazi kwenye modeli moja ya kidijitali, kwa zana zile zile. Ndege hiyo nayo ilichelewa, ikakabidhiwa Qatar Airways Desemba 2014 badala ya 2013, kwa sababu nyingine.